Mkono wa Idi wa Mshairi

Katika visiwa na miji ya pwani ya Afrika Mashariki hakuna mtoto asiyeujua mkono wa Idi. Sala ikishasaliwa na nguo mpya zikishavaliwa, watoto hupita nyumba kwa nyumba kuwaamkia wazee, na kila nyumba huwa imejiweka tayari kwa sarafu, kwa noti ndogo, kwa visheti au kipande cha halua. Jioni mtoto huhesabu alichokipata; asubuhi huhesabu milango iliyofunguka. Lakini katika kila mtaa wapo watu ambao siku hiyo huwa na mkono mwepesi, na miongoni mwao, tangu zamani, yumo mshairi. Kazi aliyoifanya mwaka mzima haikumwachia mengi mfukoni. Alicho nacho ni maneno. Basi huuliza, na walio karibu naye huuliza pamoja naye: je, shairi laweza kuwa mkono wa Idi, au ni udhuru tu wa mtu asiye na kitu?

Lugha yenyewe imegawanyika katika jambo hili. Upande mmoja ipo methali isemayo kwamba mkono mtupu haulambwi, na wenye kuitumia huitumia kwa ukali, kwa kuwa maneno matamu yasiyofuatwa na kitu yamewadanganya wengi. Upande wa pili ipo ile isemayo kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Neno usambe, ambalo vijana wa leo hawalitumii tena katika mazungumzo, maana yake ni usiseme. Kwa hiyo methali hii ni katazo. Humkataza tajiri asidhani kwamba wingi wa mali yake ndio utoaji, na papo hapo humkataza maskini asijifiche nyuma ya umaskini wake. Akiwa moyo anao, basi na yeye anadaiwa.

Suali hili si la pwani peke yake. Mwaka 1844, huko Marekani, Ralph Waldo Emerson alichapisha insha fupi juu ya zawadi, naye akaianzia palepale wanapoanzia watu wengi: katika taabu ya kuchagua zawadi za Krismasi na mwaka mpya. Rai yake ni kwamba pete na vito si zawadi hasa, bali ni radhi aombayo mtu kwa kukosa zawadi. Zawadi ya kweli ni sehemu ya nafsi ya mtoaji. Kwa hiyo mchungaji huleta mwanakondoo wake, mkulima nafaka yake, baharia matumbawe na makombe ya pwani, msichana leso aliyoishona kwa mkono wake, na mshairi huleta shairi lake. Kwa hukumu hiyo mshairi wa mtaani angeweza kuinuka asubuhi ya Idi akiwa na kifua mbele, karatasi yake mkononi, bila ya haya yoyote.

Ila Emerson huyohuyo hakuacha mlango wazi kiasi hicho. Alisema pia kwamba haja hutangulia, na kwamba aliyesimama mlangoni bila ya viatu hapaswi kufikiriwa apelekewe sanduku la rangi za kuchorea. Hapo insha ya Marekani inakutana na ada ya Kiislamu, ambayo ilikuwa imeliweka jambo hili katika utaratibu karne nyingi kabla. Zaka ya fitri hutolewa kwa kila nafsi iliyomo nyumbani, mkubwa kwa mdogo, hata mtoto mchanga aliyezaliwa Ramadhani, na kipimo chake ni cha chakula: kwa hesabu ya watu wa pwani, kama pishi moja ya mchele au ya chakula kingine kinacholiwa mahali hapo. Sunna ni itolewe kabla watu hawajatoka kwenda kusali. Kisha husaliwa, na baada ya sala ndipo khatibu hupanda mimbari. Siku ya Ijumaa hotuba hutangulia sala. Siku ya Idi hotuba huja mwisho. Mwenye kuutazama mpangilio huo hawezi kukosa kuona somo lililomo ndani yake. Kwanza pishi, kisha sala, kisha maneno.

Hili ndilo sharti la kwanza la mkono wa Idi wa mshairi. Shairi halisimami mahali pa pishi. Jirani mwenye njaa akipelekewa beti, basi beti hizo, hata ziwe na vina vilivyonyooka na mizani isiyokatika, ni dhihaka. Mshairi naye ana pishi yake ya kutoa kama muuza samaki na karani, na asiyejiweza huwa miongoni mwa wapokeaji bila ya aibu. Ushairi haumwondolei mtu wajibu wa mtu. Pindi wajibu huo ukishatimizwa, ndipo linapopatikana nafasi suali la zawadi, kwa sababu zaka ni haki ya anayepewa, ilhali zawadi ni kitu ambacho hakuna aliyekuwa na haki ya kukidai.

Nini, basi, kinachofanya kitu kuwa zawadi? Jibu moja liko katika sahani. Mwezi wa Ramadhani, kabla ya magharibi, sahani zilizofunikwa kawa hutoka mlango mmoja kuingia mwingine: huyu amepeleka kaimati, yule ataleta mkate wa kumimina. Adabu inayojulikana na kila mama wa nyumba ni kwamba sahani ya jirani hairudishwi tupu. Mwanachuoni wa Kifaransa Marcel Mauss, katika utafiti wake mashuhuri wa mwaka 1925 juu ya zawadi, alieleza kwamba katika jamii nyingi za wanadamu zipo faradhi tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Angepita katika uchochoro wowote wa Mji Mkongwe saa ya kufuturu, angeziona zote tatu zikipishana mikononi mwa watoto.

Wapo wanaosema kwamba kitu kinachorudishwa hakikuwa zawadi bali mkopo. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haioni kilichomo ndani ya sahani. Anayepeleka chakula kwa jirani wa siku nyingi hapeleki chakula tu. Anajua kwamba nyumba ile yumo mzee asiyeweza kutafuna, kwa hiyo ndizi zimepikwa zikalainika. Anajua kwamba mwenye nyumba hali pilipili, na kwamba binti yao amerudi masomoni wiki hii. Ujuzi huo haukupatikana jioni ile. Umekusanywa siku baada ya siku, kwa kusikiliza dirishani, kwa kuulizana hali kisimani na dukani, kwa kukumbuka. Sahani inarudi, naam. Lakini ile kukumbukwa hairudishwi kwa sahani. Hurudishwa kwa kukumbuka vilevile, na mtu hawezi kukumbuka kwa mkopo.

Hapo ndipo kazi ya mwandishi inapoingia, kwani kazi yake ya kila siku, ukiondoa wino na karatasi, ni hiyohiyo ya kuangalia na kukumbuka. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, anakumbukwa kwa kuutoa ushairi katika mambo ya dini peke yake na kuuingiza sokoni, bandarini, katika njaa na shibe, mapenzi na magomvi ya watawala. Mashairi yake yameokoka kwa sababu ya watu waliomkumbuka: wakaazi wa Mombasa waliokuwa wakiyahifadhi kwa moyo, na hasa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, ambaye alisaidiana na mmishonari William Taylor kuyaandika na kuyafafanua. Ndiyo maana mwaka 1940 Diwani ya Muyaka iliweza kupigwa chapa, miaka mia moja kamili baada ya mwenyewe kufukiwa. Mtoaji alikwisha kuondoka. Wapokeaji ndio walioitunza zawadi.

Fiqhi ina neno linalofaa hapa. Katika vitabu vya madhehebu ya Shafii vilivyosomeshwa pwani kwa muda mrefu, kama Minhaji ya Imamu Nawawi, hiba haitimii kwa kutamkwa tu. Mtoaji husema nimekupa, mpokeaji husema nimekubali, na bado mali haijahama mpaka ipatikane kabdhi, yaani mpaka mpokeaji akishike kitu chenyewe kwa idhini ya mwenyewe. Sasa shairi hushikwaje? Karatasi yaweza kukaa sandukuni miaka bila ya shairi kupokewa. Kabdhi ya shairi ni kuhifadhiwa: siku mpokeaji anapojikuta, akiwa safarini au jikoni, beti inamtoka ulimini bila ya kuitafuta, siku hiyo ndipo alipokabidhiwa. Na kabla ya siku hiyo mtoaji hana la kufanya ila kusubiri.

Lipo pingamizi zito zaidi. Atoaye pishi hupungukiwa pishi. Atoaye kanga hana tena kanga ile. Mshairi akishatoa shairi bado analo. Inakuwaje zawadi kitu kisichompunguzia mtoaji chochote? Anayejibu kwa kutaja saa alizokesha mshairi akitafuta kina hajajibu vya kutosha, kwa kuwa mvuvi naye hukesha na asubuhi huuza. Jibu lenye uzito linaonekana katika kisa cha mwanamke wa Pate.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na nguvu za Masultani wa Zanzibar. Yapata mwaka 1858, akiwa mjane, mwenye maradhi yaliyokwisha kutimia mwaka, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa wasia. Haikuwa siku ya Idi, wala hapakuwa na shangwe ndani ya nyumba ile. Lakini mama anauita utenzi wake kwa majina ya zawadi: anamwita binti akaribie na karatasi na wino, anamwambia apokee hirizi na aifunge kwa uzi, kisha anaahidi kumtungia kidani cha lulu na marijani avae shingoni. Mwanamke wa nyumba ya kitawala bila ya shaka alijua lulu za kweli zilivyo. Alichagua kidani cha maneno kwa sababu alijua pia kwamba dhahabu huuzwa, huibiwa na hugawanywa katika mirathi, na kwamba yeye mwenyewe hatakuwapo kumwona binti akivaa.

Sheria ya hiba inatoa hapa mwanga usiotarajiwa. Kwa Mashafii, aliyekwisha kutoa na kukabidhi hana ruhusa ya kurudi nyuma, isipokuwa mzazi. Mzazi anaweza kukirudisha alichompa mwanawe maadamu kitu hicho kingali katika milki ya mtoto; kikishatoka mikononi mwa mtoto, haki hiyo imekwisha. Mwana Kupona, basi, angeweza kukirudisha kidani cha lulu. Kidani cha maneno hakuweza, hasa kwa kuwa ndani ya utenzi huohuo aliwaalika wanawake wengine nao wausome. Ulitoka kwa Mwana Hashima ukaenda kwa jamaa, ukanakiliwa na waandishi wa Lamu, miongoni mwao Muhamadi Kijuma, na mwaka 1934 ukatolewa kitabu na Alice Werner na William Hichens. Hivi leo unasomwa katika vyuo vikuu na watu ambao Mwana Kupona asingeweza kuwawaza. Kilichompungua mtoaji ni hiki: amri juu ya maneno yake. Shairi lililobaki kwake bado analo, lakini lile lililopokelewa si lake tena, nalo laweza kusomwa kwa namna ambayo asingeiridhia.

Na limesomwa hivyo. Sehemu kubwa ya wasia ule yahusu radhi ya mume, ambayo mama anaihesabu ya tano baada ya radhi ya Mungu, ya Mtume, ya baba na ya mama. Wasomaji wa zama hizi wamegawanyika. Wako waonao kwamba kidani kile ni kamba, na kwamba mama alimfunga binti yake kwa mapenzi. Wako waonao kwamba ni busara ya mjane aliyeijua vyema dunia ya wanaume wenye nguvu, akamfundisha mwanawe namna ya kuishi ndani yake bila ya kuvunjika. Mzozo huo hauwezi kumalizwa kwa ukurasa mmoja. Lakini unafichua hatari ambayo kila zawadi ya maneno inayo: wasia ni zawadi na ni amri kwa wakati mmoja, na apewaye amri haulizwi kama amekubali.

Shaaban Robert, aliyeishi kati ya 1909 na 1962, aliingia katika njia hiyohiyo alipomtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Yeye hakuwa mtu wa mali. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na alichoweza kuwaachia watoto ni mwenendo ulioandikwa. Mzazi yeyote anayesoma tenzi hizo huona mapenzi ndani yake. Mtoto yeyote anayezisoma huona pia urefu wa orodha. Zawadi kama hii inampa mpokeaji kazi ya maisha yake yote, na si haki kumlaumu akichoka. Emerson alilisema jambo lenye kukwaruza: kwamba si rahisi kwa mpokeaji kumsamehe kabisa aliyempa. Mtoaji mwenye busara hulijua hilo, na huacha nafasi. Hampimi mpokeaji kwa kiasi alichokihifadhi. Haulizi wiki ya pili kama zile beti zimesomwa.

Kutoacha nafasi ndiko kunakoharibu zawadi nyingi za wenye maneno. Qurani inaonya kwamba sadaka hubatilika kwa masimbulizi na maudhi, na onyo hilo lawahusu washairi kuliko wengi, kwani wao masimbulizi wanayajua kuyapamba. Yupo atungaye shairi la Idi kwa ajili ya jamaa yake na kulisoma mbele ya kadamnasi, ili kila mtu ajue nani ametoa. Yupo amsifuye mwenye mali siku ya sikukuu kwa beti ishirini, na ubeti wa ishirini na moja, ambao haukuandikwa, ni mkono ulionyoshwa. Mashairi ya namna hiyo huenda yakawa mazuri. Ila ni bidhaa, na bidhaa ina soko lake la halali. Kosa ni kuiita zawadi.

Kuna na uharibifu mwingine, ambao umekuja na urahisi wa zama hizi. Zamani kadi ya Idi ilinunuliwa moja moja, ikaandikwa jina, ikapelekwa posta, na mpokeaji aliiweka juu ya kabati hadi sikukuu ya pili. Leo mkesha wa Idi simu hujaa maneno ya baraka yaliyopambwa kwa mwezi na nyota, ujumbe mmoja ukitumwa kwa kundi zima kwa kubonyeza mara moja. Hauna ubaya wowote. Salamu ni salamu, nayo ina haki ya kujibiwa. Lakini huwezi kumwita mtu mmoja kwa jina la wote. Ujumbe usioweza kumkosea mtu yeyote hauwezi pia kumgusa yeyote, kwa kuwa aliyeutuma hakulazimika kumfikiria aliyetumiwa hata kwa dakika moja.

Tazama namna kanga inavyochaguliwa. Mume anayemnunulia mkewe doti ya Idi hatazami rangi na mji wake tu. Husoma jina lililoandikwa, husita, huirudisha, huomba nyingine. Anajua kwamba jina lilelile litakalomfurahisha mke huyu laweza kuwa kijembe kwa mwingine, na kwamba atakayevaa atasomwa na mtaa mzima. Anasimama dukani akimfikiria mtu mmoja: alisema nini, alinyamazia nini, mwaka huu umempitaje. Muuza duka huenda akachoshwa naye, lakini kusita kule ndiyo zawadi yenyewe, na kitambaa ni ushahidi wake. Mshairi anayetafuta neno la kumpa mtu siku ya Idi hana njia nyingine bora zaidi ya hiyo. Neno lililo zuri kwa kila mtu limo madukani tele. Lake yeye ni lile alilolisikia kwa mtu fulani mwezi wa Rajabu, likamkaa moyoni Shaabani, akalifanyia kazi Ramadhani, na sasa anamrudishia mwenyewe likiwa limepangika.

Kwa hiyo mkono wa Idi wa mshairi upo, na si udhuru, lakini una masharti. Pishi imetangulia, ili maneno yasiwe badala ya chakula. Shairi limekatwa kwa kipimo cha mtu mmoja, kutokana na siku za kawaida ambazo mshairi aliziangalia ilhali wengine walizipita. Na limetolewa kwa namna ambayo mpokeaji anaweza kulipokea, kuliweka, kulisahau, au kulifahamu kinyume na alivyokusudia mtunzi, bila ya kuulizwa. Sharti hili la tatu ndilo zito, kwa kuwa mwenye maneno hupenda kuyafuata maneno yake kila yaendako. Sarafu ikishadondoka katika kiganja cha mtoto, mzee hufunga mkono na kumtakia Idi njema. Hamfuati mtoto njiani kumwambia akanunue nini.